Nani Ametia Elimu Kufuli? Somo kutoka India

Tarehe 16 Machi 1928, mjini Bangalore, mwanafizikia C. V. Raman alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akaeleza jinsi mwanga unavyobadilika unapotawanywa na molekuli. Taarifa fupi kuhusu ugunduzi huo zilipelekwa katika jarida la Nature la London, lakini mhadhara wenyewe ulichapishwa katika Indian Journal of Physics, jarida changa la Calcutta. Miaka miwili baadaye Raman alitunukiwa Tuzo ya Nobeli. Hulikumbuka tukio hili kila ninapowasikia wahadhiri wenzangu wakidai kwamba makala haina uzito mpaka ichapishwe ughaibuni.

Raman hakuishia hapo. Mwaka 1934 aliasisi Indian Academy of Sciences, ambayo kazi yake kubwa imekuwa kuchapisha majarida. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Akademia hiyo ilianza kuyaweka majarida yake kwenye intaneti, yasomwe bure, na mwandishi naye asitozwe chochote. Tuitazame vizuri tarehe hiyo. Azimio la Budapest, lililolipa vuguvugu hili jina la ufikiaji huria, lilitolewa Februari 2002. Wahindi walikuwa wameshaanza. Huko Mumbai nako, Journal of Postgraduate Medicine, jarida la madaktari lililoanzishwa mwaka 1955, lilifungua kurasa zake kwa wote bila kuwatoza waandishi, na wanunuzi wa nakala za karatasi hawakulikimbia. Jambo hili liliwezekana kwa sababu iliyo wazi: wahariri na wahakiki wa makala walikuwa wanataaluma ambao tayari walikuwa wakilipwa mishahara na taasisi zao. Gharama iliyobaki ilikuwa ndogo.

Basi kwa nini mlango huo haukufunguka kabisa? Nia haikukosekana. Mwaka 2002 Indian Institute of Science ilianzisha hifadhi ya kidijitali ya makala za watafiti wake. Novemba 2006 wataalamu walikutana katika taasisi hiyo hiyo wakaandaa mfano wa sera ya ufikiaji huria kwa ajili ya nchi zote zinazoendelea, zetu zikiwemo. Desemba 2014 idara mbili za serikali zinazofadhili sayansi ziliagiza kwamba kila makala iliyotokana na fedha zao iwekwe katika hifadhi ya wazi. Agizo lilikuwa zuri, ila aliyelipuuza hakupoteza kitu.

Mapambano yalifika hata mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji watatu, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis, walikishtaki kibanda cha fotokopi kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa kuwatolea wanafunzi kopi za sura za vitabu walivyoagizwa kusoma. Wanataaluma zaidi ya 300, miongoni mwao wakiwemo waandishi wa baadhi ya vitabu hivyo hivyo, waliwaandikia wachapishaji kupinga kesi ile. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba hakimiliki si haki ya kimungu wala ya asili, na kwamba sheria ya India inaruhusu kunakili kwa ajili ya kufundishia. Mwaka uliofuata wachapishaji waliiondoa kesi yao.

Kwa hiyo sheria haikuwa kizuizi kikubwa, wala teknolojia. Kizuizi kilikuwa ndani ya vyuo vyenyewe. Mwaka 2010 tume inayosimamia vyuo vikuu vya India iliweka mfumo wa alama katika ajira na upandishaji vyeo, na machapisho yakawa yanahesabiwa kama magunia ya korosho. Wenye uwezo walikimbilia majarida ya ng'ambo, ambayo milango yake hufunguliwa kwa fedha. Wasio na uwezo huo wakaangukia mikononi mwa majarida ya kitapeli, yanayochapisha chochote mradi ada imelipwa. Majarida ya nyumbani yaliyo wazi na yenye uhakiki makini yakabaki katikati, hayana mtetezi.

Novemba 2024 serikali ya India iliidhinisha rupia bilioni 60 kwa miaka mitatu, ili taasisi zaidi ya 6,300 zisome takriban majarida 13,000 ya wachapishaji 30 wa kimataifa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanafunzi wa chuo cha wilayani sasa anasoma alichokuwa akikisoma mwenzake wa Delhi peke yake. Walengwa ni watu wapatao milioni 18. Lakini hiki ni kibali cha kusoma kinacholipiwa, nacho kina mwisho. Mkataba ukiisha, bei itapangwa upya na yule yule mwenye ufunguo. Na sehemu ya makala zinazonunuliwa zimeandikwa na Wahindi wenyewe, kwa fedha za walipa kodi wale wale.

Nimeandika haya nikiwa na vikao vyetu vya kupandisha vyeo akilini. Sisi pia tunauliza makala imechapishwa wapi kabla ya kuuliza imesema nini. Raman hakuwa na intaneti, na nchi yake ilikuwa bado chini ya mkoloni, lakini aliliamini jarida la nyumbani akalikabidhi ugunduzi wake mkubwa kuliko yote. Kabla hatujaomba serikali zetu fedha za kununua ufunguo, kila mjumbe wa vikao hivyo angeanza na jambo lisilogharimu shilingi: aifungue makala ya mwenzake na kuisoma.