Mpandaji au mwendeshaji? (mbio za baiskeli)

Kitenzi *panda* kina maana mbili zinazogongana katika habari za mbio za baiskeli: kukaa juu ya chombo, na kwenda juu mlimani. Sentensi "Njia ya Kigali iliwafaa wapandaji" kwa hiyo haina faida, kwa kuwa washindani wote wamepanda baiskeli. Kabla ya mashindano ya dunia ya Septemba 2025 mashabiki walibishana hasa kuhusu hilo: kilomita 267.5 za wanaume, zenye vilima visivyokwisha, zingempa ushindi hodari wa milimani au mwenye nguvu za kustahimili siku nzima? (Aliyeshinda, Tadej Pogačar, ana yote mawili.)

Kwa mshindani yeyote tumia *mwendesha baiskeli*. Abiria aliyebebwa nyuma naye amepanda baiskeli, lakini haiendeshi. Kwa bingwa wa miinuko, *mpanda milima* humpeleka msomaji Kilimanjaro, kwa miguu. *Mkwezi* humpeleka minazini. *Mwendeshaji wa milimani* ni refu, ila halina utata.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa *gia kubwa*. Meno mengi mbele huifanya pedali kuwa nzito. Meno mengi nyuma huifanya nyepesi. Mbishi mmoja akimaanisha ya mbele na mwenzake ya nyuma, hawatapatana kamwe. Andika *gia nzito* au *gia nyepesi*:

"Kwenye mwinuko wa mawe alihitaji gia nyepesi zaidi."