Reli Iliyojengwa kwa Mikono, Filimbi na Daftari

Ikitajwa Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kutoka Tanzania hadi Zambia, simulizi huanza kwa Nyerere, Kaunda na Mao, mkataba uliotiwa saini Beijing Septemba 1967, na shaba ya Zambia iliyohitaji njia nyingine ya kufika baharini baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965. Yote hayo ni kweli. Mjomba wangu, aliyeingia kazini akitokea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), alikuwa na lake: jinsi walivyoelewana na Wachina.

Wakalimani walikuwepo, lakini wachache, na aghalabu walikaa karibu na wakubwa. Huko kwenye mwamba, baina ya Mlimba na Makambako, fundi wa Kichina na kijana wa Kilombero waliachiwa macho na mikono. Mjomba alifundishwa kutoboa mwamba bila kuambiwa neno. Fundi aliishika mashine, akakaza miguu, akatoboa huku kijana akimtazama. Kisha akamkabidhi, akasimama nyuma yake na kumshika viwiko. Mashine ikienda upande, viwiko vilirudishwa mahali pake. Ikienda sawa, fundi alimwinulia kidole gumba.

Mwaka 1964, akiwa ziarani Afrika, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza kanuni nane za misaada ya China. Mojawapo ilitaka wenyeji waumudu kikamilifu ufundi wanaoletewa. Naamini kanuni ile ilitekelezwa kwenye viwiko vile kuliko mahali pengine popote.

Kazi ilianza Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 kilometa 502 za kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba zilikuwa zimekamilika. Kutoka hapo hadi Makambako ni kilometa 158 tu, lakini ni milima, mabonde na mahandaki. Ndani ya handaki, mashine zikinguruma, hata ndugu wawili wa tumbo moja hawasikilizani. Kwa hiyo kikosi cha mjomba kiliishi kwa filimbi na taa. Filimbi ndefu: baruti inakaribia kulipuka, tokeni. Taa ikipungwa kulia na kushoto: simama hapo hapo. Wakati wa kunyanyua reli walihesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, na kwenye tatu wote wakanyanyua, Wachina kwa Waafrika. Mmoja akiwahi au akichelewa, mguu wa mwenzake ulikuwa hatarini.

Jioni kambini ndipo maneno yalipopata nafasi. Mjomba alikuwa na daftari la shule, upande mmoja Kichina alichokiandika kama alivyokisikia, upande wa pili Kiswahili: shwei, maji, hao, vizuri, man-man, polepole. Mwalimu wake, yule fundi, naye aliandika yake kwa herufi za kwao. Walisahihishana matamshi wakiwa wamekaa juu ya mataruma ya zege.

Hata hivyo ishara ina mpaka wake, na hili wanaosifia urafiki wa enzi zile hulipita haraka mno. Kidole kinaweza kukuonyesha boliti iliyolegea. Hakiwezi kukueleza kwa nini kwenye kona reli ya nje huwekwa juu kuliko ya ndani. Hilo linataka michoro, hesabu na darasa. Ndiyo maana mwaka 1972, ujenzi ukiwa bado unaendelea, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea shughuli za reli. Njia nzima, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa Julai 1976.

Mikataba na michoro ya reli hii ina makabati ya kuitunza. Ishara za kazini hazina. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 sasa amevuka 70. Kama unaye mzee wa namna hiyo, Ifakara, Mlimba, Makambako au Tunduma, mwendee mwezi huu. Mwombe akuonyeshe walivyofanya, na umrekodi kwa video, kwa maana sauti peke yake itaiacha nusu ya habari.