Mukombero kabla haujawa mzaha

Siku ya soko Navakholo, katika Kaunti ya Kakamega, muuza mukombero hana haja ya kupiga kelele. Ndoo yake iko wazi, mizizi imeoshwa na kupangwa kwa ukubwa, karanga ziko kando. Mnunuzi huchagua mzizi mmoja, huukwangua kwa ukucha kuondoa udongo uliosalia, kisha hutafuna ganda lake nene na kuutupa moyo, ambao ni mti mtupu. Ulimi hupokea uchungu kwanza, halafu utamu, halafu harufu kama ya vanila hupanda puani na kukaa hapo muda mrefu. Kabla hajamaliza kutafuna, mtu aliyesimama karibu atakuwa amekwisha kumtania kuhusu atakavyopokewa nyumbani usiku huo.

Utani huo umezifunika sifa nyingine zote za mzizi huu. Wachuuzi kutoka Magharibi mwa Kenya huutembeza katika mitaa ya Nairobi na Kisumu kama dawa ya nguvu za kiume, basi. Hata watafiti wa Kamerun walioujaribu kwa panya dume mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wakifuata sifa hiyo hiyo. Lakini Kakamega watu huutafuna kwa sababu nyingi: kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo, kuondoa uchovu wa pombe ya jana, kumweka macho dereva wa usiku. Zitazame sababu hizo vizuri. Mwenye mawazo hali, halali, na huamka amechoka kuliko alivyolala. Mzizi unaorudisha hamu ya chakula na kuchangamsha mwili ulimfaa mtu huyo zamani, kabla redio hazijatufundisha kusema "msongo wa mawazo".

Navakholo ni kwa Wanyala wa Ndombi, waliopewa jina la chifu wao wa enzi za ukoloni. Ni ndugu wa Wanyala wa Budalang'i, kule Mto Nzoia unakomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Kutoka Navakholo, ukivuka mto huo kuelekea kaskazini uko kwa Wabukusu. Mashariki ni Wakabras. Katika jamii hizi za Waluhya, aliyelemewa na moyo hakukabidhiwa jani akaambiwa aende. Günter Wagner, Mjerumani aliyeishi na kutafiti katika eneo hili miaka ya 1930 na ambaye juzuu la kwanza la kitabu chake lilitoka 1949, ameandika kwa kirefu jinsi wagonjwa walivyokwenda kwanza kwa mpiga ramli. Huyo hakuwa na haraka ya kutoa dawa. Kazi yake ilikuwa kujua chanzo: umegombana na nani, ni mzee gani aliyekufa hukumkumbuka, ni deni gani la mahari halijalipwa. Dawa ya mitishamba ilikuja baadaye, na mara nyingi kwa mtu mwingine kabisa, mjuzi wa miti, ambaye hakuhusika na mizimu.

Wabukusu walikuwa na lao kwa ajili ya huzuni ya msiba. Wanaliita khuswala kumuse. Siku chache baada ya maziko ya mzee wa heshima, mnenaji aliyerithi kipaji hicho katika ukoo wake husimama na fimbo yake, akatembea huku na huko mbele ya watu waliokaa kimya, akawasimulia historia ya jamii, akawaonya, akawapatanisha. Jioni za kawaida kulikuwa na chungu cha busaa, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sidai kwamba pombe ni tiba. Nasema tu kwamba mukombero ulitafunwa katikati ya watu, na sijui ni kiasi gani cha nafuu kilitoka kwenye mzizi na kiasi gani kilitoka kwa waliokaa karibu.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill wakaja muda mfupi baadaye. Walileta shule na zahanati, na walileta pia amri: ramli ni dhambi na, kwa Waquaker, hata busaa ni dhambi. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Uchawi, ambayo bado imo vitabuni mwa Kenya. Sheria hiyo ililenga wanaojidai kuwa na nguvu za kichawi. Haikutaja mtafuna mizizi. Lakini mtu wa kawaida aliyemsikia chifu barazani angeitofautishaje kazi ya mchimba dawa na ya mpiga ramli, wakati mgonjwa alikuwa amezoea kutumwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine? Mimi naona hapo ndipo ujuzi wa mitishamba ulipoanza kunong'onwa.

Serikali nayo ilikuwa na njia yake ya kushughulikia akili za watu. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1945 ilimpokea Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliyekuwa akiwahimiza watu warudie mila za mababu na kuukataa utawala wa wazungu. Alikaa humo hadi 1947. Aliyekuwa akisema dawa ya taabu za Waluhya iko kwao wenyewe akatangazwa kuwa mgonjwa wa akili. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa nani alikuwa na mamlaka ya kusema mtu fulani ana shida kichwani.

Wakati huo mmea wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia kwenye madaftari ya mbali. Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, London, aliueleza kisayansi mwaka 1871 kutokana na mimea iliyotoka Natal, Afrika Kusini. Leo wataalamu wanauita Mondia whitei, na nusu ya kwanza ya jina hilo inatokana na umondi, kama Wazulu wanavyouita. Huko Wazulu wanautumia waziwazi kwa wasiwasi na kukosa utulivu, tena bila kucheka. Ndiyo maana utafiti kuhusu mmea huu na akili ya binadamu ulianzia kwao, haukuanzia Kakamega. Watafiti wa Copenhagen na KwaZulu-Natal walichapisha mwaka 2008 matokeo yaliyoonyesha kwamba dondoo lake linagusa mfumo wa serotonini, ile kemikali ya ubongo inayolengwa na dawa nyingi za sonona. Mwaka 2010 wakataja kiungo kimoja kinachohusika, loliolide. Tahadhari: hayo ni ya maabara, na walichopima ni majani. Sisi tunatafuna mzizi.

Na mzizi umekuwa adimu. Mukombero ni mtambazi. Unahitaji mti wa kupanda na kivuli cha kukulia, na anayeuchimba bila uangalifu huua mmea mzima. Makao yake makuu hapa ni Msitu wa Kakamega, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka 1933, miaka miwili tu baada ya dhahabu kuonekana Kakamega na wageni kumiminika. Nje ya msitu ulijificha vichakani na kando ya mito. Kisha ikaja miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971 na kuanza kusaga 1973, na mashamba ya Magharibi yakageuka kijani cha aina moja. Muwa hautaki kivuli wala kichaka kando yake.

Hapa historia inanikera kidogo. Zao lililofyeka vichaka vya dawa ndilo lililowaletea wakulima mawazo makubwa kuliko yote: kusubiri malipo. Muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukatwa, na ukikauka ukisubiri trekta, uzito unapungua na pesa nayo. Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, karo, madeni na mahari zilikuwa zimekwisha pangwa juu ya hundi ambazo hazikuja.

Kuna waliojaribu kurudisha mmea. Kikundi cha Wakulima cha Muliro, kilichoanzishwa 1997 kando ya Msitu wa Kakamega, kilishirikiana na ICIPE, taasisi ya utafiti yenye makao yake Nairobi, kukuza mimea ya dawa mashambani badala ya kuing'oa msituni. Bidhaa yao maarufu ni Naturub, mafuta ya kuchua yanayotokana na mmea jamii ya mrihani, na mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mukombero nao ulijumuishwa katika juhudi za kupanda. Sheria ya Afya ya 2017 nayo imetenga sehemu ya tiba za jadi na tiba mbadala. Ilikuja karibu karne nzima baada ya ile Sheria ya Uchawi ya 1925, na bado muuza mukombero wa Navakholo hana leseni wala kipimo.

Ukiutafuna, utafune kwa kiasi. Ukiona usingizi umekata kwa majuma, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba heri usingekuwapo, usiongeze mzizi: nenda hospitali ya karibu useme hivyo hivyo. Na kama tayari unameza vidonge vya sonona, vya presha au vya kisukari, mwambie daktari kwamba unatafuna mukombero. Ataandika kwenye kadi yako na kuangalia kama dawa hizo mbili zinaelewana.