Mpira wa Motokaa na Barabara ya Alimbongo

Kila mtu aliyesafiri kati ya Goma na Butembo aijua baridi ya Alimbongo. Pale juu ya milima ya Lubero, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ukungu hukaa mpaka jua limepanda. Viazi, maharagwe na mboga huteremshwa kutoka mashambani kwa kichwa na kwa mgongo, na kando ya barabara kamyoneti hungoja mizigo. Na mahali penye kamyoneti na mvua hapakosi mazungumzo ya mpira.

Shofa mmoja alituuliza hivi: "Kamyoneti yangu yakwama kila mvua inaponyesha. Wenzangu wametoa mipira ya kwanza, wakaweka mikubwa zaidi. Je, nami nifanye hivyo?" Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mali ya mtu, na mna roho za watu wanaoketi juu ya magunia. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu polepole. Tutasimulia kwanza mpira ulikotoka na barabara ilikotoka, maana mambo haya mawili yamekwenda pamoja tangu mwanzo.

SIKU ZA MIGUU

Zamani hapakuwa na gurudumu katika milima hii. Wanande walikwenda kwa miguu, na biashara yao ilikwenda kwa miguu vilevile. Wachuuzi wao waliteremka mpaka bonde la ziwa lile liitwalo Edward, wakafika Katwe, katika nchi ya Uganda ya leo, kutafuta chumvi. Wakarudi nayo mabegani, wakapanda milima tena, wakaibadili kwa vyakula, mbuzi na vyombo vya chuma.

Mzigo siku zile ulipimwa kwa nguvu za mtu. Njia nyembamba ilitosha, kwa kuwa mguu hupita penye jiwe na penye mzizi. Matope yalimchelewesha mchukuzi, lakini hayakumzuia. Tukumbuke neno hili, maana motokaa haiko hivyo: yenyewe yadai njia pana, ngumu na kavu, na isipoipata hulala pale pale pamoja na mzigo wake.

MPIRA ULIOTOKA MACHOZINI

Mwaka 1839 Charles Goodyear, mtu wa Marekani, aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hauyeyuki tena kwa joto, wala hauvunjiki kwa baridi. Mwaka 1845 Robert William Thomson, Mskoti, alibuni gurudumu lenye upepo ndani, lakini watu wakalisahau. Ndipo mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipoifunga mipira ya upepo katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, ili isimtikise juu ya mawe. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, wakaendesha motokaa yenye mipira ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi. Mipira ilitoboka mara nyingi mno, lakini watu waliona kwamba motokaa yaweza kukalia upepo.

Tangu hapo Ulaya na Marekani zikatamani mpira kwa pupa. Na mpira wa mwitu ulikuwa wapi? Ulikuwa katika misitu ya Kongo, ndani ya mitambaazi inayopanda miti mirefu. Nchi hii, tangu 1885 mpaka 1908, ilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabeljiji, kama shamba lake mwenyewe. Wanaume wa vijiji vya msituni waliagizwa kuleta utomvu kwa vipimo. Waliopungukiwa walipigwa kiboko, wake zao walifungwa kama rehani, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha Nsala wa kijiji cha Wala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyobaki vya mtoto huyo. Mwaka ule ule taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilitangazwa. Mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Myesuiti wa Ubelgiji, aliandika kitabu kuwaonya wananchi wenzake juu ya mambo hayo. Mwaka 1908 dola ya Ubelgiji ikamwondolea mfalme nchi ile.

Mpira wa mwitu ukapungua thamani, kwa sababu mbegu za mti wa mpira zilizotolewa Brazili na Henry Wickham mwaka 1876 zilikuwa zimezaa mashamba makubwa katika Asia. Lakini sisi tusisahau. Baiskeli na motokaa za kwanza zilipokwenda kwa ulaini katika miji ya mbali, watu wa Kongo walilipia ulaini huo, nao wenyewe walikuwa hawajaona gurudumu hata moja.

BARABARA YA JEMBE

Siku za utawala wa Wabeljiji barabara zilikatwa hata katika milima ya Kivu. Barabara ya kutoka Goma hupita Rutshuru na tambarare ya Rwindi, ikapanda mteremko mkali wa Kabasha mpaka Kanyabayonga, kisha ikafuata migongo ya milima kupita Alimbongo na Lubero mpaka Butembo na Beni. Kati ya Lubero na Butembo yavuka mstari wa ikweta. Kazi ya kuchimba na kutunza barabara katika Kongo ya siku zile ilikuwa wajibu uliowekwa juu ya vijiji, wala haikuwa hiari. Jembe na sururu vilikuwa vingi kuliko mashine.

Hata hivyo kulikuwa na akili moja katika kazi ile ambayo yafaa kukumbukwa. Kila kipande cha barabara kilikuwa na watu wake, walioitwa kwa Kifaransa cantonniers. Kazi yao ilikuwa kufyeka majani, kujaza mashimo yangali madogo, na zaidi ya yote kuzibua mifereji. Maana adui wa barabara ya udongo ni maji. Maji yakipata mfereji hupita zake; yasipoupata hukaa katikati ya njia, na lori la kwanza huyageuza kuwa tope, na lori la kumi huligeuza tope kuwa shimo.

Kwa kuwa barabara ilitunzwa, mipira midogo ilitosha. Land Rover ilipotokea mwaka 1948 ilivaa mpira wa 6.00-16. Tueleze hesabu hizi. Ya kwanza ni unene wa mpira kwa inchi, na ya pili ni upana wa chuma cha gurudumu, yaani janti, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa inchi vilevile. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na kidogo. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ilikuwa imebuni mpira wa namna mpya, ambao nyuzi zake zapita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mpira huo hauchemki upesi, tena wadumu zaidi. Ndiyo maana leo twaona herufi R katikati ya hesabu.

BARABARA YADHOOFIKA, MPIRA WAKUA

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Miaka iliyofuata ilikuwa ya fitina na vita, na wale watunza barabara wakatawanyika, wengi bila mshahara. Mwaka 1971 serikali iliunda Office des Routes, lakini fedha zilikuwa haba na nchi ilikuwa kubwa. Mifereji ikaziba. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu haukujengwa ukuta wala haukuzibwa ufa, na safari ya siku moja ikawa ya siku nyingi.

Watu hawakukaa bure. Wafanyabiashara wa Butembo, wanaojulikana mpaka Dubai na China kwa bidii yao, walichanga fedha mara kwa mara kutengeneza njia wenyewe. Vijana wa Kivu walichonga chukudu za mbao, wakazivika magurudumu yake vipande vya mipira mikuukuu ya motokaa. Na wenye kamyoneti walitafuta magari marefu ya miguu. Mpira wa 7.50-16, uliokuwa wa magari ya kazi nzito, ukawa jambo la kawaida katika Toyota Land Cruiser za bara letu.

Basi mwaona, wasomaji: kadiri barabara ilivyodhoofika, ndivyo mpira ulivyokua. Tena vita havikuisha. Mwezi wa Desemba 2024 mapigano yalifika hata Alimbongo, na watu wengi wakakimbia. Siku kama hiyo gari lililokwama si hasara ya viazi tu.

JIBU LA SWALI

Sasa twarudi kwa shofa wetu. Tuseme kamyoneti yake yavaa mpira wa 225/75 R16, naye ataka kuweka 235/85 R16. Hapa hesabu ya kwanza ni unene kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu, yaani sehemu ngapi za unene katika mia, na ya mwisho ni janti kwa inchi. Mpira wa kwanza una kimo cha milimita 744 hivi, wa pili 806. Tofauti ni milimita 62.

Faida yake ni nini? Gari litainuka kwa nusu tu ya tofauti hiyo, yaani sentimita tatu, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Sentimita tatu ni msaada juu ya jiwe au katika mfuo wa malori. Hatusemi kwamba si kitu. Lakini yana bei yake, nayo ni hii.

Kwanza, nguvu. Gurudumu la zamani likizunguka mara moja lilikwenda mita 2.34, jipya laenda mita 2.53. Injini ni ile ile, kwa hiyo nguvu ya kuvuta yapungua karibu sehemu 8 katika mia. Mlimani hilo laonekana mara moja: palipopandwa kwa gia ya pili patadai ya kwanza.

Pili, breki. Kwa sababu ile ile, breki nazo zashika kwa nguvu iliyopungua, na mpira wenyewe ni mzito zaidi kuusimamisha. Ateremkaye Kabasha na mzigo afikiri neno hili kabla hajafika kona ya kwanza.

Tatu, saa ya mwendo yadanganya. Ikionyesha 60, gari laenda 65. Ikihesabu kilomita 5,000 za kubadili mafuta ya injini, gari limekwisha kwenda zaidi ya 5,400.

Nne, nafasi. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, au gari likiruka shimoni na mzigo, mpira mkubwa waweza kukwaruza bati au chuma na kukatika. Lazima upimwe gari likiwa limepakiwa, na usukani ukatwe pande zote mbili. Tena janti iwe ya upana unaoruhusiwa kwa mpira huo. Na mipira yote iwe ya kimo kimoja, pamoja na ule wa akiba. Maana kamyoneti inayovuta kwa magurudumu manne, ikiwa na vimo viwili, hujivunja yenyewe ndani.

La tano ndilo linalotusumbua zaidi. Mtu akiona mpira mkubwa hudhani gari limekuwa na nguvu, akaongeza magunia, na juu ya magunia akaongeza watu. Lakini springi, ekseli, fremu na breki havikukua pamoja na mpira. Gari limeinuka, kwa hiyo ni jepesi zaidi kupinduka. Na mpira uliozidishiwa mzigo, ukiwa na upepo mdogo, huchemka. Hapa baridini hauonyeshi ubaya wake. Lakini ukifika katika joto la Rwindi hupasuka. Basi upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, mpira ungali baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya gari na mzigo wake, wala si kwa kupiga teke.

Kwa hiyo twajibu hivi. Ikiwa mwenye gari ataka kupanda hatua moja tu, na fundi amepima nafasi, na mipira yote yabadilishwa pamoja, na mzigo haukuongezwa hata gunia moja, aweza kufanya. Ikiwa afanya hivyo ili kupakia zaidi, aache. Na ikiwa fedha zake zatosha jambo moja tu, basi mipira mipya ya kimo kile kile, yenye meno makali, humtoa matopeni vizuri kuliko mipira mirefu iliyokwisha meno.

Neno la mwisho si la shofa peke yake. Mpira mrefu waweza kulivuka shimo la leo, lakini hauwezi kuliziba, na kesho shimo litakuwa refu kuliko mpira. Wale cantonniers wa zamani walifanya kazi yao kwa kulazimishwa. Sisi twaweza kuifanya kwa salongo na kwa hiari yetu. Jembe moja likizibua mfereji mbele ya mlango wa kila mtu kabla ya mvua kuanza, viazi vya Alimbongo vitafika Butembo havijaoza, na mama aliyeketi juu ya magunia atafika mzima. Basi kila mmoja wetu autazame mfereji ulio karibu naye.