Daftari la Kodi, Kirumba

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na vyumba sita vya kupangisha Kirumba, Mwanza, na maisha yake yote hakupenda kuitwa mwenye nyumba. Wapangaji walimwita Mama Bukoba, naye akaridhika. Neno "mwenye" lilimkera.

Sababu ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Baba yake, huko Kamachumu, upande wa Bukoba, alizaliwa mtwarwa. Alilima migomba na mibuni kwenye ardhi ya nyarubanja, ambayo mwenyewe alikuwa mtwazi, mtu aliyegawiwa na mukama, yaani mfalme, eneo pamoja na familia zilizokuwa zikiishi juu yake. Mtwarwa alipeleka mikungu ya ndizi na pombe, akatoa siku zake za kazi, na kahawa ilipoanza kuleta fedha, fedha nazo zikadaiwa. Aliyeshindwa kumridhisha mtwazi aliweza kupoteza kibanja, yaani shamba lake la migomba, na makaburi ya wazee wake yakiwa humo humo. Sheria ya kuufuta mfumo huo ilikuja mwaka 1965. Bibi hakuingoja. Katika miaka ya 1950 alipanda meli ya Rusinga na kushuka Mwanza akiwa na sanduku moja la bati.

Wanawake wa Kihaya waliotoka kwao namna hiyo na kujenga nyumba za kupangisha hawakuwa wachache. Walikuwako Kampala na Nairobi pia. Walisemwa sana. Mimi nimesomeshwa na nyumba ya mmoja wao, kwa hiyo sina la kuongeza kwenye masengenyo.

Mji alioukuta ulikuwa bado mdogo. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikafika 1928, na pamba ya Usukuma ndiyo iliyoujaza watu: makarani, wapagazi wa bandarini, mafundi wa vinu vya kuchambulia. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, na kila karani aliyeajiriwa alihitaji mahali pa kulaza ubavu. Ushirika haukuwa na nyumba za kuwatosha wote. Waliokosa walichukuliwa na nyumba kama ya bibi: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na jiko la kuni, na nyuma yake jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, ambalo kila mpangaji alilitumia kuanikia nguo.

Daftari zake ninazo. Aliandika kwa penseli, jina upande wa kushoto na "kodi" upande wa kulia. Neno hilo lilikuwa na uchungu kwa watu wa umri wake. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha kawaida cha kijijini, mtu alilipia nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa mikono yake. Waingereza wakaendelea nayo, pamoja na ya kichwa. Kwa hiyo "kodi ya nyumba" katika kinywa cha baba yake bibi ilikuwa ya serikali, na katika kinywa cha bibi ikawa yake yeye. Nadhani ndiyo maana mikataba ya siku hizi huandika "kodi ya pango", ili mtu asidhani anadaiwa na Mamlaka ya Mapato.

Kitu kingine alichokuwa mkali nacho ni kupanga na kukodi. Mtumbwi unakodiwa, baiskeli inakodiwa, shamba la mpunga linakodiwa kwa msimu: unakichukua kitu, unakitumia, unamrudishia mwenyewe. Chumba mtu anapanga. Anaingia na mke, anazaa humo, mtoto anaanza shule akitokea humo. Aliyemuuliza kama ana chumba cha kukodi alijibiwa aende gesti.

Katika daftari za miaka ya 1960 kodi inalipwa mwezi ukiisha. Karani apokee mshahara kwanza, kisha alipe. Mvuvi mmoja wa Mwaloni analipa kwa wiki, na mara kadhaa penseli imeandika "sato" mahali pa shilingi. Mgogoro ukitokea aliitwa mjumbe wa nyumba kumi, akakaa kwenye kigoda uani, kesi ikaisha kabla ya ugali kuiva.

Katikati ya mji mambo yalikuwa mengine. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kwa Mwanza hayo yalikuwa hasa maghorofa na maduka ya Wahindi. Akazaliwa mwenye nyumba mpya: Msajili wa Majumba. Kodi zake zilikuwa nafuu kiasi kwamba aliyepata chumba cha Msajili hakukiachia bure. Aliyekitaka alimpa anayehama kilemba, fedha isiyoandikwa popote, na mara nyingi kilemba kilizidi kodi ya miaka. Mwaka 1990 Msajili alikuwa amemezwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lakini wazee wa mjini wanaendelea kusema nyumba ya Msajili, na kilemba nacho hakikufa. Ulizia fremu ya duka karibu na soko kuu utaambiwa bei yake.

Nyumba ya bibi, ya matofali ya udongo, haikukaribia hata robo ya kiwango cha kutaifishwa. Iliyomfikia ni sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilizuia kupandisha kodi ovyo, ikazuia kumtoa mpangaji bila amri, na kesi zikapelekwa kwenye baraza la nyumba la mkoa. Bibi alishitakiwa na fundi cherehani wa chumba cha nne, akashindwa. Yule bwana alikaa kwetu hadi wajukuu wake wakawa wakubwa. Bibi alimheshimu kuliko wapangaji wote, nadhani kwa sababu baba yake hakuwahi kuwa na baraza la kumshitaki mtwazi.

Mambo yalianza kugeuka sangara alipoleta viwanda vya minofu, miaka ya 1990. Vijana waliingia kutoka Geita, Musoma, Ukerewe. Chumba kimoja kiligombewa na watu watano. Mwandiko katika daftari sasa ni wa mama, kwa kalamu ya wino, na kwa mara ya kwanza kodi inalipwa kabla: miezi mitatu, baadaye sita. Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa letu mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, wapangaji wetu wa kiwandani walirudishwa nyumbani, lakini kodi ilikuwa imeshalipwa na kuliwa. Mama alijua hapo kwamba kulipwa kabla kunamhamishia mpangaji hasara yote. Hakurudi nyuma. Nani angerudi?

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilikuwa kimeanza Nyegezi mwaka mmoja kabla, na Malimbe ikaota vyumba vya wanafunzi. Likaja geto, likaja "chumba masta" chenye choo ndani, na akaja dalali. Huyu anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya asubuhi moja, tena wengine wanadai hela ya kuonyesha hata usipokipenda chumba. Mwaka 2005 udhibiti wa kodi za nyumba ulifutwa. Tangu hapo bei ni ya maelewano, na maelewano kati ya mwenye chumba na asiye na pa kulala unayajua.

Nyumba sasa iko mikononi mwangu. Nachukua miezi mitatu. Kaka yangu ananiita mjinga. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi wakati ule na 1,500 tangu 2023 kwa nyumba ya kawaida. Ni deni langu mimi, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mtaani kwetu wenye nyumba wengi wamenyamaza tu.

Wabunge wa Nyamagana na Ilemela, ombi langu ni dogo na limetoka kwa mtu mwenye vyumba, si kwa mpangaji. Leteni sheria isemayo kodi ya kuanzia isizidi miezi mitatu, risiti iwe lazima, dalali alipwe na aliyemtuma, na ile 1,500 ipunguzwe kwenye kodi ya mwezi unaofuata.