Gari la Lami, Barabara ya Vumbi

Toyota Mark II GX100, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye kazi nzuri, anayetaka kufika ofisini bila kutikisika. Vijana wa huko waliona kitu kingine chini yake: kila gurudumu, la mbele na la nyuma, limeshikwa na wishboni mbili, ya juu na ya chini, ili tairi liendelee kukanyaga vizuri hata gari likilala kwenye kona. Pacha wake, Chaser ya turbo, ikawa kipenzi cha wacheza drifti. Waliishusha, wakafunga springi fupi na shokapu ngumu. Kwao gari la spoti lilikuwa gari lililoinama.

Mpanda haikuweza kukubaliana nao. Mji huu ulipata reli muda mrefu kabla ya kupata lami: tawi la kutoka Kaliua lilijengwa enzi za Waingereza, kufuata madini ya risasi. Kwa miongo mingi, aliyetaka kwenda Tabora kwa gari alimeza vumbi kiangazi na kusukuma kwenye tope masika. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na miaka iliyofuata magari yaliyotumika yakazidi kuingia nchini. Japani inaendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani ulikuwa tayari mahali pake. Kimo ndicho kilichokuwa tatizo.

Ndiyo maana fundi wa Kitanzania, akiletewa saluni ya kifahari, aliinyanyua. Aliweka spesa kwenye springi, au springi nzito zaidi, na gari likavuka mawe bila kuchubua tumbo. Lilikuwa jibu la akili kwa barabara ile, lakini lina gharama. Gari likinyanyuka, uzito wake nao unapanda, na kwenye kona linaegemea zaidi. Tairodi na wishboni zinakaa kwa pembe ambazo mhandisi hakuzipanga. Gurudumu likigonga tuta, linaweza kujigeuza kidogo bila dereva kugusa usukani. Kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hutalijali hilo.

Historia yetu ya mbio ilikuwa imeshatoa somo. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Hiyo nayo ilikuwa saluni ya familia. Ilisifika kwa uimara na kwa springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa hiyo matairi yalibaki chini pale ambapo gari gumu lingeruka. Tairi lililo hewani halipokei amri ya usukani.

Mwaka 2022 barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa, na hapo hesabu ikageuka. Gari lilelile lililonyanyuliwa kwa ajili ya mashimo sasa linakimbizwa kilomita 120 kwa saa, likiwa na bushi zilizochoka kwa miaka ya vumbi. Anayeelekea kusini anapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako mnyama anaweza kuingia barabarani wakati wowote. Sekunde hiyo moja ya kukwepa ndiyo inayopima kazi yote ya fundi.

Anayetaka Mark II yenye usukani mkali asianze na springi fupi za Japani. Aanze na boljointi, tairodi, bushi na shokapu nzima, kisha apime alaimenti. Baada ya hapo ndipo aamue kuhusu kimo. Anayeingia vijijini kila wiki bado ana sababu ya kubaki juu kidogo. Kwa anayekwenda Tabora na kurudi, spesa zile zimemaliza kazi yake.