Herufi Tatu, Maneno Mangapi? Juu ya LET na EAR za Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba let maana yake ni kuruhusu, yaani kuacha jambo litendeke. Siku atakapoifungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, mlango wa pili, atalikuta neno lilo hilo likitajwa juu ya yule azuiaye mwasi asifunuliwe kabla ya wakati wake. Akilifasiri kama alivyofundishwa, atakuwa ameyapindua maneno ya mtume. Wafasiri wa Kiswahili waliandika kuzuia, nao walifasiri sawasawa. Hali kadhalika Hamlet wa Shakespeare, aliposhikwa na rafiki zake asiufuate mzuka wa babaye, alilitumia neno hilo kumtishia yeyote atakayemzuia.

Msomaji asidhani kwamba neno moja limegeuka likawa kinyume cha lilivyokuwa. Yalikuwa maneno mawili. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuitwaa nchi mwaka 1066, kilikuwa na lǣtan, kuacha, lenye irabu ndefu, na lettan, kuzuia, lenye irabu fupi na t iliyokazwa. La kwanza ni ndugu wa lassen la Kijerumani. La pili limetokana na neno lenye maana ya uzito wa mwendo, ndilo lililozaa late, kuchelewa. Maana kumzuia mtu ni kumkawilisha. Karne zilivyopita viishio vilipukutika, irabu ndefu ikafupika, na maneno yaliyokuwa mbalimbali yakakutana katika herufi tatu.

Lugha haivumilii daima neno moja liamuru na kukataza. Let ya kuzuia ndiyo iliyoshindwa. Waliosahihisha Agano Jipya la Kiingereza, lililotolewa mwaka 1881, waliiondoa katika waraka ule, wakaweka neno lisilo na shaka. Imesalia pembeni tu: katika maneno ya ombi yaliyochapishwa ndani ya pasipoti ya Uingereza, na, kama wengi wanavyoamini, katika mchezo wa tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu ukaangukia mahali pake, ukapigwa tena. Kibao cha nyumba ya kupangishwa, kwa upande mwingine, kinatumia let ya kwanza: mwenye nyumba anamwachia mpangaji.

Neno ear lina mkasa mpole zaidi. Ni sikio, na ni suke la nafaka, na Waingereza wengi hudhani kwamba suke limeitwa hivyo kwa kufanana na sikio juu ya bua. Dhana hiyo ni nzuri lakini si kweli. Sikio lilikuwa ēare, na wingi wake ēaran; suke lilikuwa ēar, na wingi wake haukuongezwa kitu. Mjerumani hata leo husema Ohr kwa la kwanza na Ähre kwa la pili. Tena palikuwa na ear ya tatu, kitenzi cha kulima, kutoka erian. Biblia ile ya 1611 inacho Samweli anapowaonya watu kwamba mfalme atawalimisha shamba lake. Hicho kimekufa, jembe la wakulima likabaki na neno jingine.

Basi mtungaji wa kamusi aandike maneno mangapi? James Murray na wenzake, ambao kamusi yao kubwa ilianza kutolewa mwaka 1884 ikakamilika 1928, waliyatenga maneno kwa asili zake. Kanuni hiyo naikubali, lakini ina mashaka yake: wachunguzi wa lugha hupeleka lǣtan na late katika mzizi mmoja wa kale mno, wenye maana ya kulegea. Tukiifuata asili bila kikomo, tutayaunganisha tena yale tuliyoyatenga. Kwa maoni yangu yafaa kusimama pale maandishi ya lugha yenyewe yanapoanzia.

Jambo hili latuhusu, kwa kuwa Kiswahili nacho kiliiangusha sauti yake, l iliyokuwa kati ya irabu. Kaa la moto Kongo huitwa bado makala kwa wingi, na Mchewa anayekaa husema khala. (Neno makala la gazeti, kama haya uyasomayo, limetoka Kiarabu, mpishi wa Lubumbashi ana haki ya kuyatia jikoni.) Lakini sisi tuna mlinzi ambaye Mwingereza amempoteza, nayo ni ngeli: kaa huyu hutembea ufukoni, kaa hili huwaka. Hata pale macho yasipoona tofauti, huenda sikio likaisikia. Mtu wa Mombasa hulitamka paa la nyumba bila pumzi, na paa wa porini kwa pumzi kali baada ya p. Tahajia sanifu haikuiandika pumzi hiyo, na kijana aliyejifunza Kiswahili kitabuni haijui.